Baba Alikuwa Daktari: Kumsoma Rizal Kama Mtu wa Nyumbani

Kuna aina ya maandishi ambayo nimekuwa nikiyasoma sana miezi hii, na bado sijaipatia jina zuri la Kiswahili. Si tawasifu, kwa sababu anayesimuliwa si yule anayeandika. Si wasifu wa kihistoria, kwa sababu anayeandika bado ana machozi. Ni kumbukumbu ya mtoto kuhusu baba yake aliyefariki, na baba mwenyewe ni daktari wa Kifilipino aliyekwenda kufanya kazi Marekani. Zipo kama insha, kama sura za vitabu, kama tanzia ndefu. Ukishasoma tano, ya sita unaweza kuimalizia mwenyewe. Baba anazaliwa mkoani, anasomea udaktari Manila, anapanda ndege na sanduku moja, anapangiwa zamu za usiku ambazo wenyeji hawazitaki, anazaa, anasomesha watoto, anatuma pesa nyumbani kusomesha na wadogo zake, anastaafu, anaugua, anafariki. Wagonjwa wake wa zamani wanajaza kanisa.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa hiki ni kitu gani. Huu ni wasifu wa marehemu, ule unaosomwa msibani kabla jeneza halijabebwa: alizaliwa mwaka fulani, akajiunga na shule fulani, akaajiriwa, akapandishwa cheo, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wawili. Siudharau hata kidogo. Una kazi yake, na watu waliosimama juani wana haki ya kuambiwa wanamzika nani. Lakini ukitaka kuugeuza kuwa fasihi, unagoma. Marehemu hasemwi, kwa hiyo marehemu hana mwili, hana hasira, hana hata siku moja aliyorudi nyumbani akashindwa kumtazama mwanawe usoni. Kwa daktari jambo hili ni baya zaidi. Mtu aliyeishi miaka 40 akishika miili ya watu anageuzwa kuwa cheti kilichotundikwa ukutani.

Halafu kuna suala la historia, ambayo wengi wa waandishi hawa wanairuka. Marekani iliitawala Ufilipino kuanzia 1898 hadi 1946. Chuo cha udaktari cha serikali kilianzishwa kwa sheria mwaka 1905 na kufunguliwa Manila mwaka 1907, na somo lilikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1948 Marekani ikaanzisha mpango wake wa kubadilishana wageni, na wauguzi na madaktari wa Kifilipino wakautumia kwenda kujinoa huko. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ikaja kufungua mlango kwa wataalamu na familia zao. Catherine Ceniza Choy ameieleza habari hii kwa upande wa wauguzi katika *Empire of Care* (2003), na hoja yake inanishawishi: safari ile haikuanza 1965, watu walikuwa wameandaliwa tangu wakati wa ukoloni. Kwa hiyo mtoto anapoandika kwamba baba aliamka siku moja akaamua kwenda kutafuta maisha, ananinyima zaidi ya nusu karne.

Kipo kitabu kimoja kinachouvunja mtindo huu, *The Body Papers* cha Grace Talusan, kilichotoka 2019. Talusan alizaliwa Ufilipino, baba yake ni daktari, na familia ilihamia kitongoji kimoja cha New England miaka ya 1970. Anaandika juu ya babu aliyemdhulumu utotoni ndani ya nyumba yao wenyewe. Anaandika jinsi alivyokuja kujua, akiwa kijana, kwamba kwa muda familia yake iliishi Marekani bila vibali halali. Anaandika juu ya saratani iliyomo katika ukoo na uamuzi wa kukatwa viungo kabla ugonjwa haujafika. Na katikati ya masimulizi anapachika karatasi: nyaraka za serikali, rekodi za hospitali, picha za familia. Karatasi hizo ndizo zilizonikamata. Cheti cha baba hakitoshi tena, kwa sababu pembeni yake kuna karatasi zingine za nyumba ileile, na inabidi zote zisomwe pamoja. Si kitabu kuhusu baba, lakini ukikimaliza huwezi tena kuridhika na baba asiye na doa.

Sasa, nilipokuwa natafuta utaratibu huu umetoka wapi, yaani mtoto, baba, daktari na mwili katika kitabu kimoja, nilijikuta nimerudi kwa mtu ambaye sikumtarajia: José Rizal, aliyepigwa risasi na Wahispania Manila tarehe 30 Desemba 1896. Rizal hakulea mtoto wake mwenyewe. Lakini yeye ndiye daktari wa Kifilipino ambaye kila daktari wa Kifilipino amelazimishwa kumsoma. Nasema kulazimishwa bila kutania: sheria ya mwaka 1956 inaagiza riwaya zake zifundishwe mashuleni na vyuoni, na Kanisa Katoliki lilipambana nayo vikali kabla haijapita.

Sisi tuliopitia vitabu teule tunajua hatima ya riwaya ikishawekwa kwenye mtihani. Inakuwa "taja dhamira tatu na utoe mifano". Rizal amepata adhabu hiyo, na juu yake akapata na sanamu. Pale Luneta, Manila, amesimama kwa shaba akiwa amevaa koti zito la baridi, katika nchi ya joto kama la Tanga. Mwanahistoria Ambeth Ocampo alikiita kitabu chake *Rizal Without the Overcoat*, Rizal bila koti, na hicho kichwa cha habari kinafanya kazi ambayo vitabu vizima vimeshindwa. Hata Benedict Anderson, ambaye ndiye aliyewafanya wengi wetu vyuoni tulisikie jina la *Noli Me Tangere*, anaianza riwaya ile mezani kwenye karamu ya Manila na kutuonyesha taifa likijifikiria. Sawa. Sibishi. Ila mimi nilipoisoma, kwa Kiingereza cha Harold Augenbraum, sikuona taifa kwanza. Niliona kijana anayemtafuta baba yake.

Crisóstomo Ibarra anarudi kutoka Ulaya baada ya miaka saba. Anajua baba yake, Don Rafael, amefariki, hajui amefarikije. Anasimuliwa na luteni mzee, njiani, usiku: Don Rafael aliingilia kuwaokoa watoto waliokuwa wakipigwa na mtoza kodi, mtoza kodi akaanguka akajigonga kichwa, akafa. Mzee akatiwa ndani. Maadui wakajitokeza kila upande, wakamwita mzushi wa dini na mchochezi. Akafia gerezani, pale ambapo kesi ilikuwa inaelekea kumalizika kwa upande wake.

Hapo mwandishi wa kawaida angeridhika. Rizal anakwenda mbele hatua moja, na hatua hiyo ndiyo riwaya. Ibarra anakwenda makaburini kulitafuta kaburi, halioni. Mchimba makaburi anamwambia, bila uadui wowote, kama mtu anayeeleza shughuli ya jana, kwamba aliagizwa na padri amfukue yule marehemu akamzike kwenye makaburi ya Wachina. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, maiti nzito, na makaburi ya Wachina mbali. Akaitupa ziwani.

Nimesoma maelezo mengi ya ukatili wa wakoloni, na machache yananiganda hivi. Hakuna kelele. Kuna mzigo mzito, matope, na mtu mmoja mchovu. Anayeandika hapa anajua uzito wa maiti. Rizal alianza riwaya hii Madrid akiwa mwanafunzi wa udaktari, akaiendeleza Paris, ambako alifanya kazi chini ya daktari wa macho Louis de Wecker, kisha Heidelberg kwa Otto Becker, na akaichapisha Berlin mwaka 1887, nakala 2,000, kwa pesa alizokopeshwa na rafiki yake Máximo Viola, naye pia daktari. Mchana alikuwa anachungulia macho ya wagonjwa. Usiku anaandika. Katika maneno ya kuiweka wakfu kwa nchi yake anazungumza kama daktari kabisa: kuna saratani ambayo ukiigusa tu inauma, na yeye atafanya kama watu wa kale waliowalaza wagonjwa kwenye ngazi za hekalu ili kila mpita njia apendekeze dawa. Kichwa cha kitabu, kwa Kilatini, maana yake ni "usiniguse".

Kuna neno jingine ambalo msomaji wa Kiswahili ana bahati nalo. Mapadri wote wa riwaya hii wanaitwa *padre*, na *padre* kwa Kihispania ni baba. Sisi neno tulilipata kupitia Wareno, tukaliacha kanisani: padri ni padri, baba ni baba. Lakini Wakatoliki wetu bado wanasema Baba Paroko, kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa. Rizal anauchezea mlango huu bila huruma. Padre aliyeagiza Don Rafael afukuliwe, Dámaso, ndiye mlezi wa kiroho wa María Clara, mchumba wa Ibarra. Baadaye inafichuka kwamba ni baba yake mzazi. Baba wa kweli ametupwa ziwani na baba wa uongo, na huyo wa uongo ana binti wa kweli anayemwita kwa jina la mtu mwingine. Ibarra anamvumilia Dámaso matusi mengi. Siku padri anapomtukana marehemu baba yake mbele ya wageni, karamuni, ndipo kisu kinapotoka. María Clara ndiye anayeuzuia mkono.

Si kwamba kila ukurasa uko hivyo. Mazungumzo ya Ibarra na Elías ndani ya mtumbwi ni marefu mno. Watu wawili wanahutubiana huku mwandishi akisikika nyuma yao kama mtu anayemnong'oneza mwigizaji. María Clara mwenyewe anazimia mara nyingi kuliko anavyozungumza. Lakini mpe Rizal mgonjwa, au mtu anayejifanya tabibu, utaona mkono wake unavyotulia. Don Tiburcio, Mhispania kilema mwenye kigugumizi, aliwahi kuwa mtumishi tu katika hospitali ya San Carlos huko Madrid. Akifika Ufilipino anakuwa "daktari" na anawatoza watu pesa nyingi. Rizal mwenyewe alisomea San Carlos. Alijua vizuri tofauti kati ya mtu aliyefuta vumbi kwenye benchi na mtu aliyekaa juu yake, na alijua pia kwamba koloni haikujali tofauti hiyo mradi tapeli ana ngozi inayotakiwa.

Na kuna Sisa, mama wa wale watoto wawili wa kanisani, anayekamatwa na askari na kutembezwa mjini watu wakimtazama, mpaka akili yake inaruka. Rizal alikuwa na umri wa miaka 10 hivi mama yake mzazi, Teodora Alonso, aliposhtakiwa kwamba amejaribu kumtilia sumu mke wa ndugu yake, akatembezwa kwa miguu kutoka Calamba hadi Santa Cruz, na kukaa gerezani zaidi ya miaka miwili. Sisemi Sisa ni Teodora. Teodora alikuwa mwanamke msomi wa familia yenye nafasi, na alitoka gerezani na akili zake timamu. Nasema yule mwandishi alikuwa ameshaiona hiyo safari, na hakuisoma gazetini.

Hapa ndipo habari ya nyumbani inapokuwa nzito. Rizal aliamua kuwa daktari wa macho kwa sababu mama yake alikuwa anapoteza macho. Lugha yetu inauita ugonjwa ule mtoto wa jicho, na sijui lugha nyingine iliyoupa jina linalofaa hadithi hii kuliko hili. Mwana alisoma Ulaya ili aje kumwondolea mama mtoto wa jicho. Alirudi 1887, akakuta riwaya imemtangulia na maadui wameshajipanga, akaondoka tena mapema 1888. Nyuma yake familia ikafukuzwa katika mashamba ya Calamba waliyokuwa wakikodi kwa watawa wa Kidominiko. Mwishoni mwa 1891 wakakutana Hong Kong, baba yake Francisco, mama, kaka, baadhi ya dada. Akafungua kliniki, akampasua mama yake jicho. Mwaka 1892 akarudi Manila, akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Dapitan, kaskazini mwa Mindanao.

Mama alimfuata huko, akapasuliwa jicho la pili. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini mama hakutaka kukaa na bandeji, akawa anazitoa, jicho likapata uambukizo. Rizal akamwandikia shemeji yake kwa uchungu, akisema kwamba sasa ameelewa kwa nini daktari hapaswi kutibu watu wa familia yake. Barua hiyo, kwangu, ina thamani kuliko koti lote la shaba. Yule aliyeutaka utawala wa Hispania upimwe hadharani ameshindwa kumfanya mama yake mwenyewe aache bandeji mahali pake. Mganga hajigangi, tunasema. Tungeongeza kwamba wala mamaye hagangiki. Baba yangu alikuwa tabibu wa zahanati. Hodi ya usiku wa manane ilikuwa yake, na hakuna aliyerudishwa. Shinikizo la damu la mama yetu liligunduliwa na mganga mgeni aliyekuja kushika nafasi ya baba wakati wa likizo. Kwenye wasifu uliosomwa msibani kwake jambo hilo halikuwemo, na mimi nililiona ni pengo kubwa kuliko mwaka wa kuajiriwa ambao ndugu walibishania usiku kucha.

Dapitan ilidumu miaka minne. Alitibu, mwenye uwezo alilipa, asiye nacho hakulipa. Alifundisha wavulana wa pale, akawajengea mji bomba la maji, akachora ramani ya Mindanao ardhini mbele ya kanisa. Wale wavulana ndio waliokuwa karibu kabisa na kuwa watoto wake. Mwaka 1895 alikuja kutoka Hong Kong mgonjwa mmoja kipofu, akisindikizwa na binti aliyemlea, Josephine Bracken. Kipofu hakupona. Josephine alibaki. Padri hakukubali kuwafungisha ndoa bila Rizal kuyakana maandishi yake, hawakufungishwa, wakaishi pamoja. Mtoto wao alizaliwa kabla ya wakati na hakuishi. Mapokeo yanasema alikuwa wa kiume, akaitwa Francisco, jina la babu yake.

Kwa daktari, sijui kama kuna kifo kinachofunga mdomo kuliko hicho. Hakukiandikia riwaya. Na hapa nitabishana na wanaomtaka Rizal azungumze kila mahali: kimya hiki si pengo la kujaza kwa hisia zetu. Filamu na vitabu vya watoto vinaweza kumweka ameinama juu ya kaburi dogo akitoa hotuba kwa taifa. Mimi naomba wamwache.

Lililofuata linajulikana. Aliomba kwenda Kuba kutibu wanajeshi wenye homa ya manjano, akakubaliwa, akakamatwa akiwa safarini, akarudishwa, akahukumiwa. Inasimuliwa kwamba asubuhi ile daktari wa jeshi alimshika mkono kupima mapigo ya moyo, akayakuta ya kawaida. Watu wanalipenda tukio hili kwa sababu linathibitisha ushujaa. Mimi linanigusa kwa sababu ni mara ya mwisho Rizal kuwa katika chumba cha daktari, ila sasa mkono ni wake.

Halafu wakamzika. Bila jeneza, katika makaburi ya Paco, bila alama. Mwandishi aliyemfanya Ibarra azunguke makaburini akimtafuta baba akawa yeye ndiye anayetafutwa, na anayetafuta ni dada yake, Narcisa. Alizunguka makaburi ya Manila mpaka alipoona walinzi mahali pasipostahili walinzi. Akamhonga mtunza makaburi aweke kibao chenye herufi tatu tu, R.P.J., herufi za jina la ndugu yake zikiwa zimegeuzwa nyuma mbele. Akangoja. Agosti 1898, Hispania iliposhindwa Manila, familia ikamfukua. Mifupa ilihamishiwa chini ya ile sanamu mwaka 1912.

Nimejaribu kuzisoma tena zile kumbukumbu za watoto wa madaktari baada ya kutoka kwa Rizal, na baadhi zimeongezeka thamani. Si zile zenye orodha ndefu ya hospitali. Ni zile ambazo mtoto, bila kukusudia, anaacha jambo dogo la mwili: harufu ya sabuni ya chumba cha upasuaji kwenye kola ya baba, au namna alivyotazama rangi ya kucha zako kabla hajakuuliza habari za shule. Huwa ni sentensi moja tu, kisha mwandishi anarudi kwenye vyeti.

Kwa anayetaka kuanza na *Noli*, na anaogopa unene wake: soma sura ya 4, usimulizi wa luteni, kisha ruka hadi ya 12 na ya 13, makaburini. Ni kurasa chache tu. Kama baada ya hapo bado unaweza kukifunga, kifunge. Mtumbwi wa Elías utakungoja. Na kama kuna mtafsiri anayesoma hapa na anajua Kihispania, tafadhali, tuanze hata na sura hizo tatu, tuone mchimba makaburi yule atazungumza Kiswahili cha wapi.